Msiniambatishie, nitumieni kiungo

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya kufunga hesabu za Juni, tuliingia kikaoni watu watano, kila mmoja na bajeti yake. Mmoja alikuwa na "bajeti_mwisho", mwingine "bajeti_mwisho2", mwingine "bajeti_mwisho_KABISA". Jumla hazikulingana. Asubuhi nzima ikaishia kumtafuta aliyebadilisha posho za safari, na hakuna aliyekuwa na kosa: kila mtu alihariri kwa uaminifu nakala aliyotumiwa kwa barua pepe.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja. Faili ambalo bado linafanyiwa kazi na zaidi ya mtu mmoja lisiambatishwe. Liwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama Google Drive au OneDrive, kisha kitumwe kiungo. Kiambatisho huzaa nakala: ukiwatumia wenzako wanne, tayari kuna mafaili manne mapya, na kila moja litashika njia yake. Kiungo kinawaleta wote kwenye faili lile lile. Tena Google Docs hutunza historia ya matoleo. Ukiifungua unaona nani alibadilisha nini, lini, na toleo la jana unaweza kulirudisha. Swali letu la posho lingejibiwa kabla chai haijapoa.

Ila angalia ruhusa kabla ya kutuma. Unatuma kiungo saa kumi na moja jioni, mwenzako aliye Dodoma anakifungua usiku, anaambiwa aombe ruhusa, na wewe umeshalala. Amua mapema nani asome tu, nani aandike maoni, nani ahariri. Na faili lenye mishahara ya watu usilifungulie kila mwenye kiungo, hata kama una haraka kiasi gani.

Najua hoja ya bando, na ni hoja ya haki kwa wanaofanya kazi wilayani. Lakini kiambatisho nacho kinakula bando. Faili likipita kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi na kuvimba kwa karibu theluthi moja, ndiyo maana ukikaribia kikomo cha Gmail cha MB 25 linaweza kukataliwa hata kama kwenye kompyuta linaonekana kutosha. Na kila toleo jipya, kila mtu analipakua upya. Ukijua unakokwenda mtandao ni wa kusuasua, kabla hujatoka ofisini iweke hati ipatikane bila mtandao kwenye simu. Utaandika njiani, nayo itajisawazisha ukipata mtandao.

Jambo jingine dogo: Gmail inakupa sekunde 5 tu za kutendua barua uliyotuma, mpaka uingie mipangilio uongeze ziwe 30. Ongeza leo. Kiungo ulichosahau kukiweka, au jina la bosi lililoingia kimakosa kwenye orodha ya wapokeaji, mara nyingi unaliona sekunde ya saba au ya nane.

Viambatisho vina mahali pake. Mkataba uliosainiwa, risiti, barua yenye mhuri: hivyo viambatisheni, tena kwa PDF, kwa sababu havitakiwi kubadilika. Bajeti ambayo mhasibu bado ana maswali nayo, nitumieni kiungo.