Madoa ya Chui na Kanzu ya Alhaji

Chui wa picha za Tingatinga ana madoa mengi kuliko chui wa Serengeti, na kuyaweka hayo madoa ndiyo kazi anayotupiwa mwanafunzi. Fundi anachora umbo, anachora macho, anapokea sifa. Wewe unabaki na madoa. Kwa mtu aliyetoka kupiga dramu kwenye bendi ya roki, niliona nimepata mteremko. Doa ni kugonga tu, tena kwa kijiti chenye manyoya.

Bendi yenyewe msiniulize ilifia wapi. Roki imepigwa sana hapa Dar, kina Sunburst walikuwa wanaitikisa miaka ya 1970, lakini sisi tulichelewa kuzaliwa. Harusi zinataka singeli, baa zinataka mtu mmoja na kinanda chake. Halafu Alhaji, mwenye nyumba wangu, alishanipa masharti: kati yangu na lile rundo la ngoma, mmoja ahame, na yeye hajali ni nani. Nikaziuza. Niliposema naenda kujifunza uchoraji, Alhaji alinishika bega kabisa. "Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima. Haina makelele."

Fundi wetu anafanyia kazi barazani, Msasani, kwenye njia ya kwenda msikitini. Tunachorea hadibodi, na rangi yetu ni ya mafuta, ya jamii ileile ya rangi za baiskeli alizoanzia marehemu Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, akiuza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Inang'aa, haina haraka ya kukauka, wala haitishwi na maji na sabuni. Hilo la sabuni lishike, tutalihitaji.

Mwanzoni nilitulia. Unachovya brashi kwenye rangi nyeusi, unaifuta kidogo kwenye mdomo wa kopo, unagusa mgongo wa chui, unainua. Doa linakaa hapo limevimba kidogo, linameremeta. Shida ni kwamba mkono wa kushoto nao ulikuwa umekaa bure, unatazama. Ukaokota brashi ya pili. Hapo mguu wa kulia ukajua kuna kazi, ukaanza kutafuta pedali chini ya kigoda.

Fundi akaja akainama juu ya chui wangu. "Mbona madoa yako yanakuja manne manne, halafu kubwa moja?"

"Ndivyo inavyohesabiwa, Fundi."

"Nani anahesabu?"

Nikamwambia wapiga dramu wanaochora wapo duniani. Rick Allen wa bendi ya Def Leppard alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, na bado anapiga, na anachora, na picha zinanunuliwa. Fundi akafikiri. "Huyo ana mkono mmoja wa kumwangalia. Wewe mikono miwili na mguu, nani atakusimamia?"

Ijumaa hiyo wenzangu ndio walionichochea, nasema ukweli. Mmoja alianza kugonga kopo tupu, mwingine akaitikia kwa mdomo, na mimi nikamwingia chui kuanzia shingoni kwenda mkiani kwa brashi zote mbili. Madoa yalikuwa yanatua kabla sijayaagiza. Sasa, anayejua dramu anajua: ukishusha mvumo mrefu namna ile, mwisho wake lazima uyapige matoazi, juu kushoto, kwa nguvu zote. Nikayapiga.

Matoazi hayakuwepo. Alikuwepo Alhaji, kanzu nyeupe, kofia ya viua, anakwenda Ijumaa, amesimama kuona nimefikia wapi na kazi isiyo na makelele. Rangi nyeusi ilimkata kutoka bega hadi kitovuni. Mguu nao, kwa kuwa haujawahi kuachwa nyuma na mkono, ukamalizia: ukapiga teke kopo la njano, likamwagikia makubadhi na vidole.

"Shikamoo, Alhaji," nilisema. Sikuwa na jingine.

Akajitazama, akanitazama, akamtazama chui. Mwenzangu mmoja akakimbilia thina na kitambaa, akasugua kifuani, na michirizi ambayo angalau ilikuwa na mpangilio ikageuka wingu la kijivu. "Acha!" Alhaji akafoka. "Niachie madoa yangu!"

Adhana ikaanza, na baraza likageuka darasa la fikihi. Rangi si najisi, akasema Fundi, kanzu inaswaliwa. Lakini ya vidoleni inazuia maji kufika kwenye ngozi, akasema mwingine, kwa hiyo udhu una mashaka. Alhaji akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia wakati wa kodi: "Na kama nilishatawadha nyumbani?" Tukajadiliana. Udhu ulitangulia, rangi ikafuata, swala inasihi. "Na Alasiri?" Kufikia Alasiri, akasema Fundi, thina iko hapa, tutamsugua sisi wenyewe kidole kwa kidole.

Akaenda. Waliokuwa naye safu moja wanasema aliyesimama kushoto kwake alipiga chafya tangu khutba hadi salamu.

Kodi iliyofuata ilikuja na nyongeza ambayo, kwa hesabu zangu, ni kanzu ya Oman pamoja na ushonaji. Nililipa bila kuomba punguzo. Barazani Fundi amenihamishia pembeni, naangalia ukuta, na mguu wa kulia umefungwa kwenye kigoda kwa kipande cha kanga. Alhaji hapiti tena kwetu. Anazunguka kwenye mashine ya kusaga, na Ijumaa namwona kwa mbali, kavaa kanzu ya kahawia.