Skopu Haijaribiwi Dukani

Tuelewane kwanza kwenye jina. Kamusi itakuambia ni darubini ya bunduki, na haikosei. Lakini kambini darubini ni ile unayoning'iniza shingoni kumtafutia mnyama. Ile inayokaa juu ya mtutu ni skopu, na ukiiita vinginevyo mfuata nyayo atakuletea kitu kingine.

Nimezunguka na wageni kwenye vitalu vya uwindaji hapa Tanzania, kwanza kama msaidizi, sasa kama mwindaji bingwa. Kila Julai inapokaribia, msimu ukitaka kufunguliwa, simu yangu hujaa swali moja: ninunue skopu gani? Wananitajia Leupold, Swarovski, Zeiss, Vortex, na kila jina lina mashabiki wake kama Simba na Yanga. Jibu langu ni lilelile na huwaudhi. Sijali umenunua ipi, nionyeshe ulivyoijaribu.

Sababu yangu ni pofu mmoja, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kunyamaza. Mgeni aliteremka kwenye ndege ndogo na bunduki ya .300 Winchester Magnum, juu yake skopu ya bei ya pikipiki mbili. Kambi inayojiheshimu haimruhusu mgeni kumpiga mnyama kabla hajapiga boksi la shabaha kuonyesha bunduki yake inalenga sawa. Yule alilipiga boksi, kweli, lakini mara moja tu, jua likizama, na risasi ikala ukingo wa kulia. Akacheka, akasema amechoka na safari, kidole kimeteleza, kwao aliiweka sawa kabisa. Hakuna aliyembishia. Mgeni ni mgeni.

Asubuhi tukamkuta dume la pofu mita 140, ndani ya miombo iliyoungua, ametupa ubavu, kichwa kikielekea kushoto. Bunduki ilikuwa juu ya miti mitatu ya kuiegemeza na mgeni hakutetemeka. Tukaisikia risasi ikigota nyuma sana, sauti ya ngoma iliyolowa maji. Tulimfuata siku mbili: ya kwanza matone ya damu, ya pili nyayo tupu, halafu nyayo zikachanganyika na za kundi na tukazipoteza. Kwenye leseni mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kama aliyeuawa, kwa hiyo mgeni alilipa.

Tuliporudi, mzee wetu wa nyayo aliomba boksi lipigwe tena, mita 100, bunduki ikilala juu ya mifuko ya mchanga. Risasi tatu zilitawanyika upana wa sinia, zote kulia. Mzee akaishika skopu kwa vidole viwili akaitikisa kama jino la mtoto.

"Kijana," akaniambia mimi, si mgeni, "bunduki hii inatazama huku, risasi inakwenda kule."

Skopu yenyewe ilikuwa nzima. Skrubu mbili za besi, kile chuma cha kuishikiza skopu juu ya bunduki, ndizo zilizolegea.

Kwa hiyo nikisikia ule usemi wa wawindaji wa ng'ambo kwamba skopu iwe na bei sawa na bunduki, huwa nauliza: na pete zinazoibana skopu je? Na besi? Watu hutoa mamilioni kwa kioo kisha wanakifunga kwa pete za bei ya soda, wakikaza kwa alenki mpaka mkono uchoke. Ukilegeza kupita kiasi skopu inateleza, ukikaza kupita kiasi unaubana mrija na mitambo ya ndani inakwama. Skrubu za kofia za pete nyingi hutaka nguvu ya niutonimita 1.7 hadi 2 tu, na bisibisi inayopima nguvu hiyo ni rahisi kuliko pofu. Futa mafuta kwenye skrubu za besi kabla ya kufunga, weka tone la gundi ya nyuzi, halafu chora mstari wa rangi ya kucha unaopita juu ya kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika, skrubu imetembea. Rangi hiyo niliomba nyumbani. Nikaulizwa ni ya nani.

Sasa ukuzaji, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Mtu anaona imeandikwa 6-24x50, yaani inakuza mara 6 hadi 24 na lenzi ya mbele ni milimita 50, anadhani mara 24 ni bora kuliko mara 4, kama vile gari la spidi 240 lingekuwa bora kwenye barabara ya kwenda shamba. Fanya hesabu. Skopu ya aina hiyo, ukiiweka kwenye mara 6 ambayo ndiyo ndogo yake kabisa, inakuonyesha upana wa kama mita 6 ukiwa umbali wa mita 100. Kwenye mita 40 inabaki mita 2 na nusu hivi. Nyati dume anajaza kioo chote. Nimemwona mgeni akihangaika, bunduki begani, akinong'ona "naona nyeusi, naona nyeusi tu", wakati sisi wenye macho matupu tulikuwa tunahesabu pembe. Kwa vichaka vyetu na kwa wanyama wanaorudisha ugomvi, skopu inayoanzia mara 1 au 1.5 ndiyo skopu. Ukiwa na bunduki ya .375 H&H na skopu ya 1.5-5x20 huna cha kumwonea wivu mtu. Kwa swala kwenye mbuga za wazi za Umasaini, ambako mita 200 ni jambo la kawaida, ile 3-9x40 inayodharauliwa inatosha na kubaki.

Na kadiri bunduki inavyokuwa kubwa, angalia nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma unaokupa picha kamili. Chini ya sentimita 9 kwenye .416 au .458 ni kujitakia, maana bunduki ikirudi nyuma skopu inakugonga usoni. Kuna wawindaji wengi wenye kovu la mwezi mwandamo juu ya nyusi, na wote watakuambia walianguka kwenye pikipiki.

Mwanga nao una uongo wake. Makaratasi yanajivunia asilimia hizi na zile za mwanga unaopita kwenye lenzi, lakini tofauti ya asilimia 2 au 3 jicho la binadamu haliijui. Linalojua ni hesabu ndogo: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 42 kwenye mara 6 inakupa nuru ya upana wa milimita 7, ambao ndio ukubwa wa mboni ya kijana gizani. Lenzi ya 50 kwenye mara 24 inakupa milimita 2 na kidogo. Ndiyo maana Wajerumani, wanaokaa juu ya vilingo usiku wakisubiri nguruwe pori, walishikilia 8x56 miaka na miaka: 56 kwa 8 ni 7. Sisi mboni zetu zimezeeka, hazifiki 7 tena, lakini hiyo ni habari nyingine.

Usijaribu mwanga kwa kusoma maoni ya watu wa Scotland, ambako jioni ya kiangazi hujivuta kama mgeni asiyetaka kuaga. Jioni yetu ni fupi. Jua likizama una dakika 20 na ushee, kisha pazia linashuka. Mimi hutumia kanga. Naitundika mita 80 na jina lake likinitazama, natoa bolti na risasi zote kwenye bunduki, naweka skopu zinazoshindana zote kwenye mara 6, napokezana nazo kila dakika. Ile inayonipa herufi za kanga baada ya nyingine kuniachia rangi tu, hiyo ndiyo ya chui juu ya chambo. Mara moja skopu ya bei ya kati iliishinda ya bei kali kwa dakika 1. Dakika 1! Mwenye ile ya bei kali bado hajanisamehe.

Kabla ya yote hayo rekebisha kioo cha nyuma kilingane na jicho lako: tazama mbingu tupu, si kitu, na zungusha mpaka msalaba ukukalie mweusi na mkali mara tu unapofungua jicho. Watu wanailaumu skopu ilhali hawajawahi kukizungusha kioo hicho.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halili hata risasi moja, na risasi kwetu ni ghali na ni za kibali. Pima mita 100 kwa utepe, si kwa hatua. Simamisha ubao na uchore mstari wima wa mita 1 ukitumia uzi wenye jiwe, kwa sababu macho yatakudanganya. Bana bunduki tupu mahali isipoweza kutikisika, weka msalaba kwenye ncha ya chini ya mstari, kisha zungusha nobu ya juu, ile ya kupandisha na kushusha, ukichungulia. Kama nobu ni za miliradiani, ambacho ni kipimo cha pembe, kila tiki ya 0.1, yaani kila mlio mmoja wa nobu, ni sentimita 1 hapo mita 100, na tiki 100 zinatakiwa kuupandisha msalaba mita 1 kamili. Ukiishia sentimita 95, nobu zako zinakuibia asilimia 5. Kwa bunduki ya .308 inayohitaji kama miliradiani 4 kufika mita 500, wizi huo ni sentimita 10. Rudisha tiki zote 100. Msalaba usiporudi ulipotoka, usiendelee na jaribio, irudishe skopu dukani. Nilishanunua moja iliyopanda vizuri na kushuka vizuri isipokuwa ikienda kulia. Huko ilikuwa inasita tiki tatu kisha inaruka zote pamoja, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Muuzaji aliniambia itazoea. Haikuzoea.

Mstari wima unakufunulia jingine: kama msalaba unapanda huku ukiuacha mstari, umefunga skopu upande. Kulala kwa digrii 3 tu, ambako hakuna anayekuona, kunaipeleka risasi pembeni zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 500. Na kama unachagua kati ya miliradiani na MOA, yaani dakika za pembe, mimi sioni kwa nini mtu aliyekua akihesabu kwa mita na sentimita ajitwike robo za MOA, ambazo kila tiki ni milimita 7 na kipande kwenye mita 100. Muhimu zaidi, usinunue zile zenye msalaba wa kipimo kimoja na nobu za kingine. Bado zinauzwa, na bei yake nzuri ina sababu.

Ukimaliza ndipo uingize risasi. Piga tatu. Funga bunduki kwenye gari kama unavyoifunga siku zote, nenda kilomita 60 za barabara yenye matuta madogo madogo kama ya ubao wa kufulia, rudi, piga tatu nyingine kwenye karatasi ileile. Sijaona mashine ya maabara inayoishinda Land Cruiser kwa kazi hii.

Kuhusu masafa marefu, najua nitapata maneno. Napenda kulipiga bamba la chuma mita 600, kulisubiri lilie, ni mchezo mzuri wenye hesabu nzuri, na wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wanaweza kuufurahia uwanjani kuliko sisi. Huko ndiko zinakofaa zile mara 24, nobu ndefu, na msalaba uliowekwa sehemu ya mbele ndani ya skopu ambao vipimo vyake havibadiliki ukiongeza au kupunguza ukuzaji. Porini uniwekee msalaba usiobadilika unene, nobu zenye kofia zisizogeuzwa na miiba, na mnyama aliye karibu. Skopu inaweza kukuambia risasi itashuka kiasi gani. Haioni upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaopeperusha majani tu, unaisukuma .308 zaidi ya nusu mita kwenye masafa hayo, na risasi inakaa angani muda unaomtosha kongoni kupiga hatua. Bamba halipigi hatua. Anayempiga mnyama mita 600 kwa sababu skopu yake inamwonyesha kope za mnyama huyo amechanganya kuona na kufika. Kunyatia ndiyo kazi yenyewe. Ukiiruka, unakuja huku kufanya nini na mbung'o wote hawa?

Mimi mwenyewe .30-06 yangu bado ina ya mara 4 isiyobadilika, imechubuka kila upande, na haijasogea tangu niiweke sawa. Lakini nimeletewa 2-10 mpya niijaribu, na mwenye nayo anataka jibu kabla ya Julai. Pete zimekazwa Jumatano. Ubao uko tayari, dereva amekubali Jumamosi, na kanga nimeazima kwa mama watoto, ambaye ametaka kujua kwanza kama itarudi na matundu.