Tumwache Fundi wa Mawe Atoke Ukutani

Hapa Zanzibar fundi wa mawe huheshimiwa mradi abaki ukutani. Akijenga mihrabu, akipamba kidaka kwa nakshi za chokaa au akiziba ufa wa nyumba ya Mji Mkongwe, twamwita stadi. Lakini akichonga jiwe lisilobeba boriti wala kupamba mlango, lenye umbo lisilo la mtu wala mnyama, wengi wetu tutamuuliza lina kazi gani. Swali hilo ni la haki. Naamini, hata hivyo, kwamba jibu lake tunalo tangu zamani, na kwamba safari ya kutoka kwenye ufundi hadi sanaa dhahania, ile isiyoiga sura ya kitu chochote, ni fupi kwetu kuliko kwa watu wengi.

Aliyeipita njia hiyo kwa uwazi mkubwa ni mchongaji Constantin Brâncuși, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hobița, Romania. Alianzia katika shule ya sanaa na ufundi ya Craiova, ndipo akaenda kusomea sanaa Bucharest. Huko, kabla ya kumaliza masomo mwaka 1902, alitengeneza sanamu ya mtu aliyechunwa ngozi, misuli yake ikionekana kwa usahihi uliowafaa wanafunzi wa udaktari. Nalisisitiza hili kwa sababu husemwa kwamba anayeacha sura za watu ameshindwa kuzichonga. Brâncuși aliziweza. Mwaka 1907 alifanya kazi kwa muda mfupi katika karakana ya mchongaji mashuhuri Auguste Rodin, Ufaransa, akaondoka, akaanza kulichonga jiwe kwa mkono wake moja kwa moja badala ya kufinyanga udongo kwanza. Katika kazi yake iitwayo Busu, watu wawili wamekumbatiana ndani ya bonge moja la jiwe la chokaa, na bonge limebaki bonge.

Sisi tunao msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ndani yake mna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yakitaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Hata asiyeweza kuyasoma huvutwa na jinsi herufi zinavyosimama, zinavyopinda na kuchanua, na jinsi nafasi zilizoachwa kati yake zinavyoshika kivuli. Fundi yule hakuhitaji sura ya kiumbe chochote. Matumbawe ya kuchongwa yalikatwa baharini yangali laini, yakafanyiwa kazi kabla hayajakauka na kuwa magumu, kwa hiyo mkono ulilazimika kuamua mapema kipi kiondolewe na kipi kibaki. Kwa kijana ambaye wazazi wake hawaridhii sanamu za viumbe, urithi huu unamwezesha kuwa mchongaji bila kugombana na imani yake.

Hata hivyo nakshi si sanaa dhahania, na hapa tusijidanganye. Nakshi hutii ukuta: ina mpaka, na hutazamwa kwa upande mmoja. Jiwe lililosimama peke yake huzungukwa, na kila upande wake unadai sababu ya kuwa vile ulivyo. Fundi aliyezoea kupewa vipimo na mwenye nyumba sasa anajipa mwenyewe, na hakuna wa kumwambia kwamba kazi imekwisha. Wala asitarajie kueleweka upesi: mwaka 1926 forodha ya Marekani ilikataa kuitambua sanamu ya Brâncuși iitwayo Ndege Angani kuwa sanaa, ikaidai ushuru kama bidhaa ya kawaida ya metali, hadi mahakama ilipoamua vinginevyo mwaka 1928.

Sisemi turudi kukata matumbawe hai. Miamba yetu ya bahari imekwisha kuelemewa. Lakini nyumba za Mji Mkongwe zinapokarabatiwa au kuporomoka, kama sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilivyoporomoka Desemba 2020, mawe mazima yarudishwe ukutani, yenye maandishi au nakshi yahifadhiwe, na vipande visivyofaa tena kwa ujenzi wapewe wanagenzi waliokwisha kujua kuchanganya chokaa na kusawazisha jiwe kwa tindo. Wapewe pia saa za kazi za kuvichonga, wakiwa wanalipwa, chini ya mwashi mzee.