Sikulia, Nilitokwa na Machozi

Kabla hamjaendelea kutumiana ile video ya Chogo, nipeni dakika mbili. Ndiyo, yule mwenye kanzu nyeupe anayetoka mbio kibandani amefumba macho, akampiga kikumbo muuza ubuyu, ni mie. Hapana, sikulia kwa kufungwa na mtoto wa skuli. Nilitokwa na machozi. Hivyo ni vitu viwili, na Chogo anajua, maana ndiye aliyenishikia ndoo ya maji. Ndoo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Huyo ndiye rafiki niliyepewa.

Chanzo ni kidole gumba cha kulia. Wachezaji wenzangu mnaelewa: kwenye pedi ya gemu ya mpira gumba hilo halina likizo. Eksi pasi, duara shuti, pembetatu pasi ya kupenyeza, mraba krosi, na huliinui, unaliburuza tu kutoka kitufe hadi kitufe. Sasa tia na joto la Chake Chake, kibanda cha bati, watu ishirini, na feni moja ambayo mwenye kibanda kaielekeza kwenye mashine, ati mashine ndiyo inayomlisha. Kidole kikavu kinateleza. Kilicholowa chapachapa nacho kinateleza. Balaa ni kile chenye jasho la kiasi. Kinang'ang'ania plastiki kama kupe. Ramadhani nzima baada ya tarawehe nilikuwa najinoa kwa mashindano ya Idd pili, na Idd mosi imenikuta na lengelenge lililopasuka, jekundu, kubwa kama punje ya hindi.

Ushauri nilipewa, siwezi kukataa. Chogo alisema nipake poda. Mwenye kibanda alisema ninawe mikono kwa sabuni na nifute pedi kwa kitambaa, "hivyo vitufe havina ugumu, ni mafuta ya chipsi zenu." Na kulikuwa na kile kitoto cha darasa la saba kilichokata ncha ya soksi kikaivaa kwenye gumba kama kofia. Tulikicheka mpaka basi. Tukakiita Soksi. Likumbukeni jina hilo.

Mie niliona hayo yote ya kitoto. Kitu kikigoma kuteleza hutiwa nini? Mafuta. Bawaba hutiwa mafuta, mnyororo wa baiskeli hutiwa mafuta. Na nyumba yetu, kama nyingi za Pemba, ina kichupa cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kabatini kwa bibi, kimefungwa kwenye nailoni kisha kikafungwa kwa uzi. Bibi hukitumia kwa jino na kwa magoti: tone moja kwenye pamba, basi. Mie nilitia saba, ili idadi iwe witiri.

Nilivitia vitufe vyote vinne nikiwa nimejibanza nyuma ya televisheni, kisha, kwa kuwa sina akili (andikeni hivyo hivyo, nimekubali), nikalipaka na gumba lenyewe. Lile lenye kidonda. Wallahi nilisikia moto ukipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikauma kola ya kanzu. Halafu, baada ya dakika kama mbili hivi, kimya. Maumivu hakuna. Nikambusu bibi kimoyomoyo.

Dada yangu, ambaye kazi yake ni meno, kanieleza jana huku akicheka mpaka akakaa chini, kwamba karafuu ina kitu kinaitwa yujenoli, na mafuta ya makonyo ni yujenoli zaidi ya asilimia 80. Ndiyo hiyo wanayoichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Inatia ganzi. Yaani mie nilikwenda fainali na kidole kilichodungwa sindano ya jino.

Harufu ndiyo iliyoanza kuniumbua. Idd hiyo, kila mtu tumbo liko tayari. Mtu wa nyuma akauliza, "Yakhe, hiyo pilau inaletwa au?" Watu wakaanza kuchungulia mlangoni. Mie kimya.

Nusu ya kwanza, nawaambieni ukweli, nilicheza kama malaika. Vitufe laini kama samli. Mie Liverpool, Soksi Madrid, mbili moja naongoza. Baada ya mapumziko akasawazisha. Mbili mbili. Dakika ya 88 nikapenyeza pembetatu, na Salah akatoka peke yake.

Hapa twendeni pole pole.

Salah, kipa, na nyasi. Beki yuko nyuma hatua nne. Kibanda kizima kimesimama. Nabonyeza duara. Nadhani nabonyeza duara. Kidole sikisikii, kiko pale, nakiona, lakini ni kama cha mtu mwengine nimekiazima. Kwa hiyo nikabonyeza zaidi, kwa uzito wa mwili. Kitufe kikazama. Hakikurudi. Mafuta yalikuwa yamechanganyika na chipsi za miaka mitatu humo ndani yakawa gundi. Na duara ukiishikilia, mnajua, kile kimstari cha nguvu kinajaa. Nikakiona kinajaa. Nusu. Robo tatu. Chote. Salah akaupiga mpira ule, na kama kuta zingekuwa hazipo ungekwenda kuanguka Tanga.

Hayajaisha. Mpira umekwenda kwa Soksi, anashuka, na duara yangu bado iko shimoni. Ukiwa unazuia, duara ni kukwatua. Mie naing'oa kwa kucha, inainuka, inazama tena; kila ikizama beki wangu anarusha mguu. Akarusha mguu ndani ya boksi. Penalti. Jasho likanitiririka usoni, nami, kama binadamu yeyote, nikafuta jicho.

Kwa gumba.

Kisha, kwa kuwa jicho la kulia liliwaka, nikafikicha la kushoto. Kwa gumba hilo hilo.

Bao lile sikuliona. Nililisikia. Nilisikia pia sauti ndogo ya Soksi, kwa adabu zake zote, ikisema, "Kaka, unalia?" Na Chogo, Mungu anamwona, akajibu kwa niaba yangu.

Yaliyobaki mnayo kwenye video. Ubuyu nimelipa. Nilioshwa macho ndoo mbili, dada akaniambia niendelee kwa maji masafi robo saa nzima na nisitie kitu kingine, yakapoa usiku. Fundi alifungua pedi akanionyesha vile vipira vya chini vinavyorudisha vitufe juu: kimoja kimevimba, na plastiki ya duara imeingia ukungu kama miwani ya babu. Pedi ni elfu thelathini na tano, nimetoa kumi, nyingine mwisho wa mwezi.

Bibi hajui kuhusu mechi. Anajua kuhusu kichupa. Jana kanitazama gumba, kalinusa, akanyoosha mguu juu ya mkeka.

"Madhali ushalipaka, njoo unisugue goti."

Chogo, futa ile video.