Ukienda Misri, panda meli kuelekea kusini

Mahekalu ya Misri ya kale yalijengwa yakimtarajia mtu anayefika kwa maji, kwa hiyo sioni raha ya kuyafuata kwa basi. Karnak, hekalu kubwa la Luxor, ilikuwa na gati lake na mfereji ulioingia kutoka mtoni. Kom Ombo liko ukingoni kabisa. Meli ikimaliza kukata kona unaliona lote, nguzo na kuta, kama lilivyokusudiwa kuonekana. Hata miungu yao haikutembea kwa miguu. Kila mwaka sanamu ya Amun ilitolewa Karnak ikapelekwa hekalu la Luxor kwa sherehe za Opet, na Hathor wa Dendera alipandishwa mto hadi Edfu kumtembelea mumewe, Horus.

Nayasema haya kwa sababu rafiki zangu wengi huuona utalii wa meli kuwa mambo ya wastaafu wa Ulaya. Hawajakosea sana. Thomas Cook alipeleka kundi lake la kwanza la Waingereza huko mwaka 1869, na tangu hapo mpangilio haujabadilika kiasi cha kutisha: shuka, tazama mawe, panda, kula bafe. Jioni meli hufungwa ubavu kwa ubavu, nne au tano kwa mpigo, na ukifungua pazia unaweza kutazamana na mtu anayepiga mswaki kwenye meli ya jirani. Ili ufike nchi kavu unapita katikati ya mapokezi ya meli za watu. Bado ningepanda.

Ila mwelekeo ni jambo la kufikiri. Vifurushi vingi ni vya aina mbili: kutoka Luxor kwenda Aswan, mara nyingi usiku nne, au kutoka Aswan kushuka Luxor, usiku tatu. Wengi huchukua ule mfupi. Ushauri wangu ni kupanda, yaani kwenda kusini, hata kama lazima uombe siku moja zaidi kazini. Huko ndiko mto wenyewe ulikowapeleka Wamisri kila walipotaka dhahabu, pembe za ndovu au vita. Maji ya Nile yanakwenda kaskazini, lakini upepo wa kawaida unavuma kwenda kusini. Ukishuka unachukuliwa na mkondo, ukipanda unatweka tanga. Nchi nyembamba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 ilitawaliwa kwa bahati hiyo. Meli za leo zina injini na hazijali, lakini ziangalie feluka zinazopishana nanyi: tanga la pembetatu, foromali imeinama. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa.

Kupanda pia kunakupitisha katika wakati, karibu kwa mpangilio. Unaanza Karnak, kwenye ukumbi wa nguzo 134 uliojengwa enzi za Seti wa Kwanza na mwanawe Ramesses wa Pili, karne ya 13 kabla ya Kristo. Unafika Edfu, ambako ujenzi ulianza mwaka 237 KK na kukamilika mwaka 57 KK, chini ya wafalme wenye asili ya Kigiriki. Kisha Philae, karibu na Aswan, ambako mwaka 394 baada ya Kristo yalichongwa maandishi ya mwisho yanayojulikana ya mtindo ule wa picha. Waongoza watalii huyakoroga haya yote katika chungu kimoja kiitwacho “Mafarao”. Kati ya kifo cha Tutankhamun na kukamilika kwa Edfu imepita zaidi ya miaka 1,200, na inafaa mtu akuambie kabla hujaanza kupiga picha.

Kinachonikera zaidi ni namna safari hizi zinavyoifanya Misri ionekane kama kisiwa kisicho na bara. Pale Karnak, kwenye ua wa kwanza, kuna nguzo moja ndefu iliyobaki imesimama peke yake. Ni ya Taharqa, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 690 hadi 664 KK, na kwao kulikuwa Kush, Sudani ya leo. Wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Tirhaka. Makundi hupita chini ya nguzo yake yakikimbilia ule ukumbi maarufu, na sikumsikia mwongozaji hata mmoja akimtaja. Ng’ambo ya mto, kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut, kuna ukuta mzima kuhusu msafara wake wa kwenda nchi ya Punt: nyumba zilizosimama juu ya miti, watu wakipakia meli, miti ya ubani ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita kuna watu waliomiliki meli na kujua bidhaa za majirani zetu wa kaskazini, na watalii wanapewa dakika chache tu kwenye ukuta huo ili wawahi duka la sanamu za alabasta.

Edfu lenyewe ni zuri mno, pengine kwa sababu mchanga ulilifunika karibu hadi juu na watu wakajenga nyumba zao kwenye paa, mpaka Mfaransa Auguste Mariette alipolifukua katika miaka ya 1860. Tatizo ni njia ya kulifikia. Meli zote hufika karibu saa ileile, na farasi waliokonda wanakimbizwa kuvuta magari ya abiria kutoka gatini. Chukua bajaji. Zipo.

Esna meli nyingi hazisimami ipasavyo, ingawa dari la hekalu lake limesafishwa miaka ya karibuni na rangi za kale zimejitokeza. Mnaikumbuka Esna kwa jambo lingine: meli ikipunguza mwendo kusubiri kupandishwa kwenye lango la maji, wachuuzi wanakuja na mitumbwi, wanajifunga ubavuni na kurusha kanzu na mashuka hadi sitaha ya juu yakiwa ndani ya mifuko. Ukipenda, unarusha pesa chini. Usipopenda, unarudisha mzigo, na bei inashuka mzigo ukiwa bado hewani. Sijaona soko linalonifurahisha kiasi hicho tangu Kariakoo.

Pale Kom Ombo wengi huvutiwa na mamba waliokaushwa kwa heshima ya mungu Sobek. Mimi nawapeleka kwenye kisima cha mawe kilichotumika kupimia kimo cha mto. Mafuriko yakiwa mazuri, mavuno yalitabirika, na kodi ilikadiriwa kabla hata mkulima hajapanda. Sisi wa Mwanza hupenda kujigamba kwamba Misri inakunywa ziwa letu. Ukweli ni kwamba asilimia 85 hivi ya maji yanayofika Aswan yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, na mafuriko yale yalikuwa yao. Maji yetu, yakishatoka Jinja na kupita Uganda, karibu nusu yake yanapotelea kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini.

Mafuriko yalikoma kwa sababu ya Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, na hapo ndipo ningekuomba usifanye haraka. Kila kundi huambiwa jinsi mahekalu ya Abu Simbel yalivyokatwa vipande kati ya mwaka 1964 na 1968 na kupandishwa mita 65 juu ili yasizame. Ni kazi ya kustaajabisha, sibishi. Lakini ziwa lilelile lilizamisha vijiji vya Wanubi, wenyeji wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudani, na Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa. (Si wale wa Kibera, ambao babu zao walikuja kama askari wa Waingereza.) Walipelekwa wapi? Kwenye uwanda wa Kom Ombo. Meli inasimama pale, abiria wanaelezwa habari za mamba, na hakuna anayewaambia kwamba vijiji vya waliohamishwa viko karibu na hapo, mbali na mto walioishi nao vizazi vyote.

Kwa hiyo ukifika Aswan, acha duka la manukato uende Makumbusho ya Nubia, yaliyofunguliwa mwaka 1997. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Miezi ya kiangazi joto la huko hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Na kama mfuko unaruhusu, kuna meli chache zinazoanzia upande wa pili wa bwawa na kukatiza Ziwa Nasser hadi Abu Simbel, zikipita mahekalu ya Amada na Wadi es-Sebua ambayo wanaokwenda kwa barabara hawayaoni. Hiyo ndiyo ninayoiwekea akiba sasa, na mke wangu ameshasema atakuja kwa sharti moja: mahekalu mawili kwa siku, basi.