Mzee anayetetemeka wodini

Wanaotibu uraibu nchini Tanzania wamezoea kumtazama kijana, na ilikuwa na sababu. Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011, kilichosumbua kilikuwa heroini na sindano. Huduma ikasambaa mikoani, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Sasa ipo hoja kwamba wahudumu haohao, pamoja na washauri wa nyumba za upataji nafuu wanakokaa waraibu wanaoacha, wafundishwe kuwahudumia wazee. Wapo wanaoiona ni anasa, na sababu zao si za kubeza.

Zahanati ya kijijini huwa na mhudumu mmoja au wawili. Mmoja akiitwa semina, wagonjwa wanarudi nyumbani. Foleni ya methadoni ni ya vijana na watu wa makamo. Wazee wanakuja na presha, sukari na macho. Tena kuna heshima: binti aliyetoka chuoni juzi amuulize mtu wa umri wa babu yake anakunywa kiasi gani? Hoja ya semina naikubali kabisa. Hizo nyingine zinasimama mpaka utakapoingia wodini.

Mchukue mzee wa Kilolo, Iringa, aliyeteleza shambani akavunjika nyonga. Miaka nenda rudi amekunywa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, kila jioni, na msimu wa mianzi ukiisha anahamia kwenye komoni, pombe ya nafaka. Amelazwa, hakuna aliyemuuliza habari za pombe. Kesho yake mikono inatetemeka, wanasema uzee. Usiku hasinzii, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Siku ya tatu anaongea na kaka yake aliyekwisha kufa na kupangusa wadudu kwenye shuka ambayo haina kitu. Ndugu wanasema malaria imepanda kichwani, au amerogwa. Kwenye faili linaandikwa neno kuchanganyikiwa, na kwa kuwa ana miaka 70 na kitu, hakuna anayeshtuka.

Hiyo ni arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe unapoikosa ghafla. Huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho, hufikia ukali wake siku ya pili au ya tatu, na ikiachwa inaua. Dawa zake si za ajabu: diazepamu, ambayo ni dawa ya kutuliza, na vitamini B1.

Lakini hata anayeijua arosto anaweza kumuumiza mzee kwa nia njema kabisa. Diazepamu hukaa siku nyingi katika mwili uliozeeka. Dozi ya jioni inaikuta ya asubuhi bado imo, inayofuata inaongezeka juu yake, na mtu aliyekuwa anahangaika sasa analala mfululizo, anapaliwa na chakula, au anaamka akiyumba na kuanguka upya. Kijana wa miaka 30 angepewa dozi hizohizo akaondoka salama. Na dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya B1, kwa mnywaji aliyedhoofu kwa lishe duni, ubongo unaweza kupata madhara yasiyorudi. Mambo haya mawili, dozi ndogo inayopimwa mara kwa mara na B1 kwanza, hayahitaji jengo wala mashine. Yanafundishika kwa asubuhi moja. Inaniuma kwamba mtu anaweza kufa kwa kukosa asubuhi hiyo.

Maswali nayo yanahitaji kufundishwa. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe lina maswali 10, na mojawapo linataka idadi ya vinywaji kwa siku. Mzee wa Iringa atakujibu nini, ikiwa jagi linazunguka watu wanne, na ulanzi wa leo ni mtogwa, bado mtamu, wakati wa jana ulishakuwa mkangafu, yaani mkali? Akiulizwa pombe atasema, "Hapana, mwanangu, ni ulanzi kidogo tu," na hadanganyi. Anayejua kazi ataanza na shikamoo, aulize usingizi, aulize kuanguka, aulize dawa za sukari anazomeza, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo vikikutana na pombe tumboni tupu vinashusha sukari hadi mtu anazirai. Pombe itajitokeza yenyewe katikati ya mazungumzo. Heshima haijaguswa.

Wapo pia wanaosema mzee aachwe amalizie siku zake. Hao ndio nisiokubaliana nao. Marekani, ambako mwongozo wa kutibu wazee wenye uraibu ulitolewa mwaka 1998 na kuhuishwa 2020, imeonekana kwamba karibu theluthi moja ya wazee wenye tatizo la pombe walilipata uzeeni, baada ya kustaafu au kufiwa na mwenza, na wakitibiwa wanapona vizuri, sawa na vijana au kuwazidi. Na hata foleni ya methadoni inazeeka: aliyeanza 2011 akiwa na miaka 45 anafikisha 60 mwaka 2026, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mzee.

Kuhusu semina, njia ipo. Mhudumu wa uraibu kutoka hospitali ya rufaa awafuate wenzake wakati wa ziara za usimamizi ambazo hufanyika hata sasa, akae nao wodini na kwenye dirisha la wazee, wapitie faili mbili tatu za wagonjwa waliopo. Zahanati haifungwi, na posho inayohitajika ni ya mtu mmoja.