Kukataa mgodi kuna mlipaji wake

Huu ni mwaka wangu wa tisa Copenhagen, na katika ghala la samaki ninakofanya kazi, makasha ya kamba kutoka Greenland hupita mikononi mwangu karibu kila siku. Mimi ni mzaliwa wa Mkwajuni, mkoani Songwe, ambako mtoto hukua akisikia makarasha yakisaga mawe ya dhahabu. Ndiyo maana habari za migodi hazinipiti, hata zikihusu Greenland, nchi ya barafu iliyo chini ya Denmark lakini yenye serikali yake ya ndani, ambayo sijawahi kuikanyaga.

Mzozo wa Kuannersuit nilisimuliwa na mfanyakazi mwenzangu aliyetoka kusini mwa Greenland. Mlima huo, wenye madini adimu yaliyochanganyika na urani, uko kilomita chache tu kutoka Narsaq, mji wa watu wasiofika 1,500, wengi wao wakitegemea uvuvi, na jirani yao wakiwapo wafugaji wa kondoo. Kampuni ya Australia ndiyo iliyoshika leseni ya utafiti, na mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya Shenghe ikanunua hisa ndani yake. Jina hilo nililisikia tena kutoka nyumbani, kwa kuwa mwaka 2022 Shenghe hiyohiyo ilinunua hisa katika kampuni nyingine ya Australia, iliyokuwa ikiendeleza mradi wa madini adimu wa Ngualla, huko huko Songwe.

Watu wa Narsaq walihofia vumbi lenye mionzi kutua kwenye malisho na majini. Katika uchaguzi wa Aprili 2021, chama cha Inuit Ataqatigiit kiliahidi kuuzuia mradi huo na kikashinda. Ilipofika Novemba, bunge likapitisha sheria inayokataza kuchimba mawe yenye urani inayozidi sehemu 100 kwa milioni, na mradi ukakwama.

Watanzania tunaokutana hapa wikiendi huipokea habari hii kwa kulaumu kwetu: wenzetu wana msimamo, sisi tunasaini tu. Lawama hiyo naiona si ya haki. Mwaka 2017 Bunge letu lilibadili sheria za madini, likaipa Serikali angalau asilimia 16 ya hisa katika migodi mikubwa bila kulipia, na likafuta leseni za kuhodhi maeneo, yaani za kushikilia eneo lenye madini bila kulichimba kwanza. Wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, waliopoteza leseni kwa mabadiliko hayo, walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kuwalipa zaidi ya dola milioni 109, kabla ya pande mbili kukubaliana dola milioni 90 mwaka uliofuata. Greenland nayo ilifikishwa kwenye usuluhishi, mwekezaji akidai apewe leseni ama fidia aliyoikadiria kufikia dola bilioni 11.5, kiasi kinachozidi mara tatu pato la mwaka la kisiwa kizima.

Kwa hiyo sote tumekataa, na sote tumedaiwa. Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu, yeye aliyechimba dhahabu Saza maisha yake yote, hakuuliza habari za urani wala za theluji. Aliuliza: “Sasa huko walikokataa, mishahara ya walimu inatoka wapi?” Nikamjibu kwamba Denmark hupeleka Greenland takriban kroner bilioni 4 kila mwaka, karibu nusu ya bajeti ya serikali yao. Akacheka. Sikumweleza kwamba, kwa sheria ya kujitawala ya 2009, mapato ya madini yakizidi kroner milioni 75 kwa mwaka, ruzuku hiyo hupunguzwa kwa nusu ya ziada, jambo linalofanya mgodi uwe njia ya uhuru kamili kwa baadhi yao, na mtego kwa wengine.

Ninachowaonea wivu kwa kweli si huo ujasiri wao, ambao kwa sehemu kubwa unalindwa na hazina ya Denmark. Ni kwamba waliulizwa kabla lori la kwanza halijapanda mlima, na mgodi mmoja ukawa hoja kuu ya uchaguzi wa nchi nzima. Katika chaguzi zote nilizopiga kura kabla ya kuondoka Mkwajuni, wagombea walituahidi barabara, maji na ajira za migodini, lakini hakuna aliyewahi kutuuliza kama mgodi tunautaka.